Rangi Yako Haina Makosa, Mpiga Picha Wako Ndiye Mvivu

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina moja kwenye WhatsApp, na huja baada ya kutuma picha. "Ziko poa sana, asante. Sasa unaweza kuning'arisha kidogo?" Wengine wanaandika, "Nitolee huu weusi." Kuna manzi mmoja alinitumia picha ya mwigizaji wa Nollywood akaniambia, "Nifikishe hapa tu, sitaki kupita." Kuna kijana wa miaka ishirini na tatu, anatafuta kazi benki, aliyetaka picha yake ya kuombea kazi iwe rangi ya thao, kwa sababu ati ameangalia waliochukuliwa mwaka jana na wote wanakaa hivyo.

Jibu langu kwa wote ni hapana. Chunusi nitakutolea. Uzi unaoning'inia kwenye kola nitaufuta. Jasho kwenye paji la uso nitalipunguza. Rangi siigusi. Na kabla hujadhani hii ni makala ya kukuhubiria ujipende, tulia. Sina shida na wewe uliyeomba. Shida yangu iko na waliokufundisha kuomba, na hao ni watu wa kazi yangu.

Napiga picha za watu hapa Nairobi, huu ni mwaka wa nne. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, na kamera ya kwanza niliyoshika ilikuwa ya kukodi kwa siku. Naandika pia, kwa sababu picha peke yake hazilipi nyumba. Sijasomea sanaa popote. Ninachojua nimekijua kwa kusimama juani na watu wa kila rangi inayopatikana mjini huu: mweusi tii, maji ya kunde, Mhindi wa Parklands, mtu mwenye ualbino. Na nilichogundua ni kwamba mtu akiomba kung'arishwa, mara nyingi analalamika kuhusu mwanga, ila hajapewa maneno ya kulalamikia. Anasema "mimi ni mweusi sana" akimaanisha "hapa sionekani."

Enda siku yoyote ya mahafali, chuo chochote. Ni saa sita, jua liko utosini. Mhitimu amevaa gauni jeusi. Nyuma yake kuna hema jeupe linalomeremeta kama sahani. Mpiga picha anamsimamisha hapo hapo kwa sababu ndipo kuna nafasi, kamera iko kwenye oto, anabonyeza mara nne, anaita "nekst!" Picha ikitoka, hema liko sawa, mawingu yako sawa, na uso wa mhitimu umezama, macho hayaonekani, ni meno tu. Jioni jamaa anafungua Lightroom, anavuta mwangaza hadi uso uje juu, na uso unakuja juu kweli, lakini umekuwa wa kijivu kama jivu la jiko. Anautuma hivyo.

Sasa jiweke mahali pa yule binti. Amesoma miaka minne, mamake amekuja na basi la usiku kutoka kijijini, na picha ya siku hiyo inamwonyesha mtu ambaye hata yeye hamjui. Kuna sababu mbili anazoweza kufikiria. Ya kwanza, mpiga picha hajui kazi. Ya pili, uso wake ndio mbaya. Na jamaa ana kamera ya laki mbili shingoni na anaongea kwa sauti ya mtu anayejua. Binti anachagua ya pili. Mwaka unaofuata akija kwangu, anaanza kwa kuomba msamaha: "Pole, mimi hutoka vibaya kwa picha." Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosikia "habari yako."

Wacha nieleze kinachotokea ndani ya kile kidude, kwa sababu wenzangu wanapenda kukifanya kionekane ni uchawi. Kamera haimjui mtu. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwa kila kitu kilicho mbele yake, halafu inadhani vyote vikichanganywa vinapaswa kuwa kijivu cha wastani. Ukijaza picha na hema jeupe, inasema, "Mwanga umezidi," inapunguza, na uso unazama. Ukijaza picha na gauni jeusi na ukuta mweusi, inasema, "Giza limezidi," inaongeza, na uso unapauka. Mara zote mbili imekosea kwa njia ile ile, na mara zote mbili dawa ni moja: pima usoni. Sogea, elekeza kipimo kwenye shavu la mtu, amua mwenyewe. Kwa simu ni rahisi zaidi: gusa uso kwenye skrini, kisha vuta kidole juu au chini mpaka shavu lifanane na shavu unaloliona kwa macho yako. Sekunde tatu. Anayekataa kutumia sekunde tatu halafu akatumia saa nzima usiku kukubadilisha rangi, huyo tumwite nani?

Zamani kulikuwa na kisingizio cha maana. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na rangi zote zilirekebishwa hadi ngozi yake itoke vizuri. Kadi hizo ziliitwa "Shirley", jina la mmoja wa wanawake wa kwanza kupigwa picha hiyo. Ukiwa mweusi, filamu haikutengenezwa ukifikiriwa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, aliandika mwaka 2009 kuhusu historia hii, na sehemu inayouma ni hii: waliofanya kampuni ianze kushughulikia rangi za kahawia vizuri zaidi ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Meza ilisikizwa kabla ya bibi yako.

Lakini hiyo ilikuwa filamu. Vihisi vya kamera za leo vinaona kila kitu. Hata kampuni za simu zimeamka. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 waliitangaza kwa kusema imerekebishwa ili ngozi nyeusi itoke jinsi ilivyo. Kwa hivyo buda, ukinipa uso wa kijivu leo, usiniambie ni mashine.

Na hata wakati wa filamu kulikuwa na watu waliokataa. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Mara nyingi alitumia mwanga wa mchana kwenye ua. Alitundika kitambaa chenye maua ukutani, akamgeuza mtu kidogo ili mwanga upite kwenye shavu, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Angalia picha hizo leo. Ngozi ni nyeusi, na ndani ya weusi huo unaona mfupa wa shavu, chale, mafuta aliyojipaka mtu asubuhi. Hakuna aliyefifishwa. Aliyefanya hivyo hakuwa na Photoshop, alikuwa na jua na ua na subira. Sisi tuna jua hilo hilo.

Basi wacha nitoe siri za kazi bure, ili siku nyingine mpiga picha akikuambia haiwezekani, umwangalie tu.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao. Ngozi nyeupe inasomeka kwa vivuli, yetu inasomeka kwa pale mwanga unapogusa na kurudi: kwenye paji, puani, shavuni, begani. Kwa hivyo usitafute mwanga mkali, tafuta mwanga mpana. Dirisha kubwa. Mlango wa duka uliofunguliwa, wewe ukiwa hatua mbili ndani, umeangalia nje. Baraza. Ukuta mweupe upande wa pili wa barabara unaopigwa na jua, huo ni taa kubwa na hauna bili. Kadibodi nyeupe ya shilingi mia kutoka kwa duka la vitabu, ukiishika chini ya kifua cha mtu, inamrudishia macho.

Kimbia jua la saa sita. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo mchana jua linakaa karibu na utosi mwaka mzima na macho yanageuka mashimo. Anza saa kumi na moja jioni, na uwe tayari, kwa sababu jua letu halichelewi kuzama. Kufika saa kumi na mbili na nusu, habari imeisha. Mteja akichelewa nusu saa, amepoteza nusu ya picha.

Ukuta wa nyuma usishindane na uso. Mtoe mtu kwenye ukuta mweupe, au msogeze hatua tatu mbele yake. Rangi za udongo, kijani cha kiza, buluu nzito, hizi zinabeba ngozi yetu vizuri. Lakini usimweke karibu sana na nyasi au ukuta wa kijani kibichi, kwa sababu kijani kinapanda kidevuni na mtu anaonekana mgonjwa. Na kivulini mwanga huwa na ubuluu. Ukiacha kamera ijiamulie, ngozi inatoka na ule ujivujivu wa mtu aliyekosa mafuta. Ongeza joto la rangi kidogo. Hapo hujabadilisha rangi ya mtu, umemrudishia iliyoibwa na kivuli.

Mafuta kidogo ni rafiki. Dada wa vipodozi akitaka kumpaka bi harusi poda mpaka akauke kama chapati iliyolala, mwombe kwa adabu apunguze. Na zile poda nyeupe laini zenye silika, au krimu za jua zenye titani, zikipigwa flashi zinarudi nyeupe. Kioo hakionyeshi, picha inaonyesha. Piga moja ya kujaribu na flashi kabla hamjatoka chumbani.

Halafu kuna hili la wawili. Bwana ni maji ya kunde, bibi ni mweusi tii, au kinyume. Wapiga picha wengi wanapima kwa yule mweupe zaidi, halafu wanamng'arisha mwingine kwenye kompyuta mpaka wafanane kama mapacha. Dawa ni ya kusimama tu: yule mweusi zaidi akae karibu na dirisha, mweupe zaidi akae upande wa mbali. Umbali unafanya kazi yote. Watu wawili, rangi mbili, wote wanaonekana, na ndoa yao bado ni ya hao hao waliooana.

Nikisema haya kwa wenzangu napata majibu matatu, na nayajua kama namba yangu ya simu.

La kwanza: mteja ni mfalme. Sawa. Lakini fundi nguo akiambiwa na mteja akate kitambaa kinyume cha uzi, atasema nguo itapinda. Kinyozi akiambiwa alete wembe uliotumika, atakataa. Kila fundi ana kitu ambacho mkono wake haufanyi, na ndiyo maana tunamwita fundi. Mteja anaweza kwenda kwa mwingine, simfungi kamba. Akitaka kuweka filta mwenyewe kwa simu yake, ni uso wake. Ninachokataa ni kuwa mimi ndiye niliyemthibitishia kwamba alikuwa na kosa la kusahihishwa.

La pili: mbona unatoa chunusi basi, si ni uongo vile vile? Hapa nina kanuni ambayo wahariri wengi wa picha wanaijua. Kitu ambacho baada ya wiki mbili hakitakuwepo usoni, natoa. Chunusi, mkwaruzo, jicho lililovimba kwa kukosa usingizi. Kitu ambacho baada ya wiki mbili bado kitakuwepo, nakiacha mpaka mwenyewe aseme, na hata akisema tunaongea kwanza. Kovu, mwanya, alama ya kuzaliwa. Rangi haiondoki kwa wiki mbili, isipokuwa umeanza kupaka vile vitu vya zebaki vinavyouzwa kwa kunong'onezana, ambavyo vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinaharibu figo. Na usiniambie picha na krimu ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu akipewa kila wiki picha ya uso wake ukiwa mweupe kuliko ulivyo, kioo cha bafuni kinaanza kumwonyesha deni.

La tatu ndilo la kweli: utalala njaa. Sitakataa. Desemba iliyopita nilipoteza kazi mbili za harusi kwa neno hilo hilo, hapana, na Desemba ndiyo inayolipa Januari. Moja ilikuwa ya shilingi 45,000. Niliila Januari hiyo kwa mandazi. Lakini nikae kwenye hoja hii ya pesa kidogo, kwa sababu hapo ndipo uvivu unapozaliwa. Mpiga picha anayekuuzia picha ishirini kwa shilingi elfu moja hawezi kungoja mwanga. Ametoa nauli, ametoa bando ya kutuma picha, amekodi lenzi, na akimaliza na wewe ana wengine sita. Atakusimamisha popote na atamalizana nawe kwa kompyuta, wote mkiwa na rangi moja aliyoihifadhi kama programu ya kubonyeza mara moja. Ukipunguza bei mpaka mwisho, kinachokatwa ni ule muda wa kukuangalia. Picha ya bei ya kutupa unailipia kwa uso.

Ndiyo maana siku hizi naandika makubaliano, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao mteja anajibu "sawa". Nusu ya pesa kabla. Idadi ya picha na siku ya kuzipata. Sibadilishi rangi ya ngozi. Ukiweka filta yako juu ya picha yangu, toa jina langu. Wenzangu, andikeni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mteja inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukikaa kimya, picha si yako, na jina lako litatembea mjini likiwa chini ya uso ambao hukuupiga. Na muombe ruhusa kabla ya kuweka sura ya mtu mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 klabu moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake bila idhini. Uso ni mali ya mwenyewe, hata sheria imekubali.

Kama bado unaona nakuza jambo dogo, sikiza hili. Mwaka jana niliitwa kupiga picha mazishi, upande wa Murang'a. Marehemu alikuwa shosh wa miaka themanini na kitu. Kwenye jalada la programu ya mazishi kulikuwa na picha yake ya studio, aliyopigwa miaka michache kabla, kwenye sherehe ya familia. Studio ilikuwa imemfanyia ile kazi: makunyanzi yamefutwa, ngozi imepandishwa rangi mara mbili tatu, mashavu laini kama plastiki. Mjukuu mmoja, msichana wa kama miaka sita, alikuwa ameishika programu akiangalia ile picha, kisha akamvuta mamake sketi akauliza, "Huyu ni nani?" Mamake akamwambia, "Ni cucu." Mtoto akasema, "Apana. Cucu ni mweusi."

Mamake hakumjibu. Baadaye alinifuata nilipokuwa nakunja tripodi, akaniuliza kama nilikuwa na picha yoyote ya mama yake ya zamani, labda kutoka sherehe nyingine. Sikuwa nayo, sikuwahi kumpiga. Akafungua simu, tukapekua pamoja, tukapata moja: shosh ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, anachambua maharagwe, imepigwa na simu ya bei ya chini na mtu ambaye hakufikiria lolote. Mwanga wa mlango umemwangukia upande mmoja wa uso. Kila kunyanzi lipo. Nilimsafishia hiyo, nikaichapisha, sikumtoza. Ndiyo iliyo kwenye fremu kwao sasa.

Sisi hatuambiwi hivi tunapoingia kwenye kazi hii. Tunaambiwa kuhusu lenzi na wafuasi wa Instagram. Hakuna anayekuambia kwamba sehemu kubwa ya picha unazopiga za watu, siku moja, zitakuwa ndizo zilizobaki. Hutajua ni ipi. Kwa hivyo kila moja lazima imfanane mwenyewe.

Basi wewe unayesoma hii ukiwa na mahafali mwezi ujao, au ruracio, au unataka tu picha ya siku yako ya kuzaliwa, fanya hivi kabla ya kutuma dipoziti. Mwambie mpiga picha akuonyeshe picha tano za watu wenye rangi kama yako, ambazo hazijaguswa, moja kwa moja kutoka kwa kamera. Angalia kama unaona macho. Angalia kama weusi una vina au ni doa tu. Muulize atakupiga saa ngapi, na kwa nini saa hiyo. Muulize atakusimamisha wapi. Akikujibu, mlipe vizuri, usimkate hata shilingi, na ufike kwa wakati. Akikwambia usijali, ataku-ng'arisha kwenye kompyuta, rudisha doo mfukoni na utafute mwingine.